Kabla Hujafika Karthago

Bellevue, Jumapili, baada ya ibada

Nsimire mwanangu,

Mama yako yuko chini ya kitanda, miguu tu ndiyo inayoonekana, anatafuta kufuli ya sanduku lako. Amekwisha kukuambia habari za sweta, za dawa ya kifua, za kutosahau chaja ukutani, na mimi sina cha kuongeza hapo. Nimekuja chumba cha kushonea, nimefunika cherehani, nimeweka karatasi juu ya meza ya kukatia. Hapa ndipo ninapojua kufikiri. Mahali pasipo na kitambaa mikono yangu inakuwa kama ya mgeni, haijui ikae wapi.

Ninakuandikia Kiswahili. Najua utashangaa. Kusikia unakisikia chote, hata kile cha mafumbo cha mama zako wa kanisani, lakini kukisoma hujazoea na kukisema ulikwisha kuacha. Basi soma kwa sauti. Tamka neno moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, na sikio lako litalieleza jicho limeona nini. Barua nitaiweka juu ya viatu vyako, uikute ukiamka. Mimi nitakuwa upande wa pili wa ubao. Unaijua nyumba hii, mwenye nyumba aliikata vyumba kwa mbao kama mkate, hakuna kikohozi kisichojulikana ni cha nani. Nitakusikia. Mama yako naye atasikia, na kuna jambo humu ambalo hata yeye hajalijua kwa miaka yote hii. Nimelifikiria hilo. Na asikie.

Ninaogopa, Nsimire. Niseme hivyo kwanza, nisije nikajificha nyuma ya Mungu. Leo mchungaji alikuwekea mikono, kanisa zima likasema amina, na amina yangu ilikuwa kubwa kuliko ya mtu yeyote, mpaka mama yako akanikanyaga. Halafu tulipotoka, tukiwa tunasubiri robot, ile taa ya barabarani, iwe ya kijani tuvuke, Papa Elie akanivuta pembeni. Unamjua, yule mlinzi wa usiku anayeimba besi. Ana mpwa wake huko huko Tunis unakokwenda, karibu na magofu ya Karthago yako.

"Papa Nsimire," akaniambia, "watu wa rangi yetu kule wanasimamishwa njiani. Wanaulizwa karatasi. Wengine wenye nyumba waliwaambia watoke."

"Yeye anakwenda chuo kikuu," nikasema. "Ana barua yenye muhuri."

"Muhuri uko ndani ya mfuko. Uso uko nje." Akanipiga bega. "Mwambie asiongee simu njiani. Anyamaze tu, atapita."

Alisema kwa nia njema. Nilitembea haraka nije nikuambie hivyo hivyo: nyamaza tu, utapita. Nikafika mlangoni nikakukuta unakunja koti nililokushonea, lile lenye bitana ya zambarau, ukalikunja kwa kugeuza ndani nje ili bitana isichafuke kama nilivyokufundisha, na badala ya kukuambia nikapita moja kwa moja chumba cha kushonea. Kwa sababu ushauri huo nilikwisha kukupa zamani, ulikuwa bado mdogo, na ulikugharimu kitu ambacho sijui kama unakumbuka ulikuwa nacho.

Nianzie mbali kidogo. Univumilie, mimi ni fundi, siwezi kukata kabla ya kupima.

Kabla hujaanza masomo yako, Tiro na Sidoni kwangu ilikuwa miji ya kwenye Maandiko. Nilijua mfalme wa Tiro alimpelekea Sulemani mierezi na mafundi. Nilijua manabii waliwakaripia kwa kiburi cha biashara. Tena nilipenda pale nabii anapohesabu bidhaa zao, kwa sababu anataja vitambaa kwa majina, kitani, zambarau, nguo za tarizi, kama mtu aliyepita dukani kweli. Basi. Sikujua kama watu wale waliondoka kwao wakaenda mbali hivyo. Ni wewe uliyenieleza, zile Jumamosi ulizokuwa ukikaa kwenye stuli na mgongo wako kwenye meza ya kupigia pasi, kwa sababu Juni ina baridi na pale pana joto.

Ulisema hawakuwa na nchi kubwa. Milima nyuma, maji mbele, na katikati ukanda mwembamba kama pindo la sketi. Kwa hiyo wakatoka. Wakajenga Utika, wakajenga Kadisi mbali kule magharibi, wakajenga Motia, wakajenga Karthago, na jina la Karthago maana yake ni Mji Mpya tu, kama mtu aliyechoka kutafuta majina. Na kila walikofika walichagua kisiwa kidogo karibu na nchi kavu, au rasi iliyoingia majini. Mahali pa kuuziana na wenyeji mchana, halafu jioni unarudi kwako.

"Mguu mmoja ndani, mmoja nje, Papa," ulisema kwa Kiingereza chako, nami nikajibu kwa Kiswahili changu, kama kawaida yetu.

"Bukavu iko hivyo," nikakuambia. "Imeingia ziwani kama vidole."

Ukasema nikuchoree. Karatasi haikuwapo, nikachukua chaki ya fundi nikakuchorea juu ya suruali iliyokuwa mezani: kidole hiki ni cha wakubwa, kidole hiki ndipo shule niliyoacha darasa la nane, hapa ndipo babu yako alipokuwa na kibanda cha kushona makoti ya mapadri. Mwenye suruali akaingia tukiwa hapo hapo. Akaitazama akauliza, "Fundi, na hii ramani nalipia nyongeza?" Ulicheka mpaka ukashuka kwenye stuli. Niliichelewesha ile chaki kuipangusa.

Siku hiyo sikukuambia kwamba mimi mwenyewe nimeishi hivyo tangu nije nchi hii. Mguu mmoja nje. Miaka sita ya kwanza hatukununua kitanda cha mbao, tulilala kwenye godoro chini, kwa sababu kitanda hakibebeki mbio. Mama yako alililia kitanda. Nilimwambia tunapita tu.

Jumamosi nyingine ulinieleza hadithi ya watu wa Karthago waliokwenda na meli kusini sana, kwa watu wasiojua lugha yao. Walikuwa wakipanga bidhaa ufukweni, wanawasha moshi, wanarudi melini. Wenyeji wanakuja, wanaweka dhahabu kando ya bidhaa, wanajitenga. Wenye meli wanashuka, wakiona inatosha wanachukua, wakiona ndogo wanarudi kusubiri. Hakuna anayeibiwa na hakuna anayesema neno. Wewe ukasema wataalamu wengine wanaona labda ni hadithi tu. Mimi nikasema hapana, ni kweli tupu, mimi nimeifanya. Nilipofika mtaa wa Alexandra, hapa hapa mjini, sikuwa na lugha ya mtu. Nilipanga suruali mezani, nikaonyesha vidole. Mtu aliweka pesa, nikatikisa kichwa, akaongeza. Niliona fahari. Nilifikiri mtu mwenye hekima anaweza kuishi mji mzima namna hiyo, mikono ikifanya kazi na mdomo ukiwa umefungwa. Niliona mdomo ndio unaoleta hatari.

Sasa nifike pale ninapokwepa.

Ulikuwa na miaka mitano. Tulikuwa tunakaa Alexandra, chumba cha mabati nyuma ya nyumba ya watu, kwa sababu palikuwa karibu na Sandton ambako nilikuwa nikipunguza suruali za watu wa maofisi. Ilikuwa Mei, ule mwaka wageni walipokuwa wakishambuliwa. Jioni iliyotangulia tulisikia filimbi na kelele upande wa chini. Asubuhi pakawa kimya, nami nikadhani yamepita. Mama yako alikuwa amelala Yeoville, kwenye saluni alikokuwa akisuka, kwa kuwa teksi zilikuwa hazirudi Alexandra. Mkate ulikuwa umekwisha. Nikakushika mkono tukaenda spaza ya Gogo MaNkosi, lile duka la dirisha la nondo. Sijui kama unamkumbuka. Bibi mnene, aliyekuwa akikuuzia peremende moja moja na kukuhesabia kwa Kizulu mpaka ukajua hesabu kabla yangu.

Tulikuwa wa tatu kwenye foleni. Wakaja vijana wanne, wana fimbo, mmoja ana shoka. Hawakuwa na haraka. Walikuwa wanamsimamisha mtu, wanamuuliza neno, wanasikiliza anavyojibu. Mimi Kizulu changu kilikuwa cha biashara: ndefu, fupi, kesho, asante.

Nikakuachia mkono.

Hapo naomba usome mara mbili. Hakuna aliyekuvuta. Nilikuachia mimi. Nilifikiri, tukionekana wawili, mmoja wetu atasema neno. Nikasogea hatua mbili, nikawa naangalia mifuko ya unga kule dirishani kama mtu anayechagua.

Ukanifuata. Ukashika suruali yangu ukasema, kwa sauti ya mtoto mwenye baridi, "Papa, tuende ku nyumba."

Mmoja wao akageuka. Akakuangalia wewe, akaniangalia mimi. "Ngowakho lo mntwana?" Mtoto huyu ni wako?

Nikasema, "Cha. Angimazi." Hapana. Simjui.

Maneno mawili tu, mwanangu. Niliyatamka vizuri sana. Sijawahi kutamka Kizulu vizuri namna ile tena.

Hukulia. Ningependa kukuambia ulilia. Ulinitazama tu, ukaachia suruali, ukaitazama mikono yako kama iliyoshika kitu kisicho chake.

Mlango wa chuma ukafunguka. Gogo MaNkosi akatoka na ndara zake na mwiko wa uji mkononi. "Ngowami lo," akasema. Huyu ni wangu. "Mjukuu wangu. Mama yake ni yule asiyefaa kitu aliyenikimbia akaenda Durban. Mna shida na wajukuu zangu sasa?"

"Gogo, amesema lugha gani huyu?"

"Amesema ana baridi. Wewe ulipokuwa na umri wake ulikuwa unasema lugha gani, na kamasi mpaka kidevuni? Mimi ndiye niliyekupangusa. Nenda, kabla sijamwita mama yako aone umebeba nini."

Wenzake wakamcheka. Wakaondoka. Gogo akakushika akakuingiza ndani, akafunga. Mimi nikabaki pale nje, mtu asiye na mtoto, nikanunua mkate.

Nilizunguka nyuma akanifungulia. Ulikuwa umekaa juu ya kreti unakula uji. Gogo hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema taratibu, "Baba, leo nimemwazima mtoto wako. Usinifanye nimwazime tena." Akatuficha mle ndani, na wakati walipokuwa wanachoma kule mtaa wetu, alitutangulia kwa miguu hadi kituo cha polisi, anaongea na kila mtu njiani, anasalimia, anagomba, ili watu wamtazame yeye.

Chumba chetu kilichomwa. Hilo unalijua, hilo ndilo tunalowasimulia watu. Tukisimulia tunaanzia kwenye moto, na mama yako analia mahali pale pale kila mara, kwenye picha za harusi. Mimi ninanyamaza, na watu wanasema Papa Nsimire ameumia sana, hawezi hata kuongea.

Nilirudi kumwona Gogo baada ya miaka miwili. Nilikuwa nimemshonea gauni jeusi la kanisa, kola nyeupe, mshono wa mkono. Dirishani nikamkuta mtu mwingine. Akasema bibi amekwisha kuzikwa kwao, Natal. Nikarudi na gauni langu. Lile lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango, ambalo ulikuwa ukiniuliza mbona mteja wake haji.

Bon. Tulipohamia hapa Bellevue nikafanya kosa jingine, na hilo lilidumu miaka. Niliweka sheria. Ndani ya chumba, Kiswahili. Ukivuka mlango, Kiswahili hakuna. Njiani ukianza tu kusema "Papa", nilikuwa nagusa mdomo wangu na kichuma changu cha kidoleni, kile cha kusukumia sindano, mara mbili, tik tik kwenye jino. Ulijifunza upesi. Mwaka haukuisha, ukawa husemi Kiswahili hata ndani. Unajibu Kiingereza, baadaye Kizulu na marafiki zako, na mama yako akasema ni shule, watoto wote ndivyo walivyo. Mama Chantal wa kanisani akawa ananitania pale uani, "Eh, Papa Nsimire, huyu mtoto ulimzaa au ulimwokota Sandton?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Usiku ule sikula.

Kwa sababu mimi sikuamini kwamba ni shule. Niliamini, na ninaamini, kwamba uliitumia lugha yetu kuniita, mbele ya watu, na mimi nikasema simjui. Mtoto gani ataiamini tena? Sijui kama unakumbuka. Miaka kumi na saba nimekuwa nikiusoma uso wako kama mtu anayetafuta doa kwenye kitambaa cheupe. Siku nyingine nasema, hakumbuki, alikuwa mdogo. Siku nyingine unaniangalia ninapozungumza na mteja Mzulu, nami nasema, anakumbuka.

Sasa uone Mungu anavyomfundisha mtu. Kati ya masomo yote yaliyopo, wewe ukachagua mawe ya Karthago. Uliingia siku ile na picha kwenye simu, kanzu ya mwalimu nilikuwa nimeitandaza, ukaniwekea simu juu yake. Mstari baada ya mstari wa alama kama nyayo za ndege. Ukanieleza kwamba vitabu vya watu wale vimepotea karibu vyote, na mengi tunayoyajua juu yao yaliandikwa na waliowachukia. Kilichobaki kutoka mdomoni mwao wenyewe ni mawe, maelfu, na mawe yanasema karibu jambo lile lile: fulani ametimiza nadhiri, mwana wa fulani, mwana wa fulani, mwana wa fulani. Miungu yao sitaki kuisikia, hilo unalijua. Lakini nikakuuliza, "Na wanawake?"

"Wapo. Wanaandikwa hivyo hivyo." Ukakuza picha kwa vidole viwili. Ukasema neno lao la mtoto wa kike ni ndugu wa neno la Kiarabu, na la Kiarabu ndilo lililozaa la kwetu. Halafu ukalisema. "Binti," ukasema. "Binti wa fulani."

Nikatoka nikaenda bombani. Nilikuambia pasi imenichoma. Haikunichoma. Lilikuwa neno la kwanza la Kiswahili kutoka mdomoni mwako kuja kwangu tangu uote meno ya ukubwani, na ulilitoa kwenye jiwe la watu waliokufa.

Ulisema pia jambo lililonikaa. Kwamba Karthago ilichomwa, ikabomolewa, na bado wakulima wa mashambani waliendelea kusema lugha ile kwa mamia ya miaka. Nilikaa na hilo juma zima. Wao walichomewa mji mzima na lugha ikabaki. Sisi tulichomewa chumba kimoja cha mabati. Nani basi aliyeizima ya kwetu? Si vijana wale wanne. Wao walikuwa na sisi dakika tano. Mimi nilikuwa na wewe miaka yote, na kichuma changu kidoleni.

Kuna mama mmoja wa pwani hiyo hiyo ya Tiro na Sidoni, unamjua tangu shule ya Jumapili. Binti yake alikuwa anateseka, akamfuata Bwana Yesu njiani akipiga kelele. Wanafunzi wakasema afukuzwe, anatupigia makelele. Akajibiwa maneno magumu, ya mbwa na mkate wa watoto. Hakuondoka. Mgeni, mwanamke, katikati ya wanaume wa lugha nyingine, akaendelea kusema binti yangu, binti yangu. Nimehubiriwa habari hiyo mara nyingi, kila mara wanahubiri imani yake. Mimi nikiwa nimekaa benchi la nyuma huwa nasikia sauti yake tu. Hata jina lake halikuandikwa. Kilichoandikwa ni kwamba alikuwa na binti na hakukubali kunyamaza.

Basi nirudi kwa Papa Elie na shauri lake. Nimelizungusha tangu mchana na sijapata jibu safi, nakupa nilichonacho. Sikuambii upige kelele mbele ya mtu mwenye fimbo. Sitaki binti shujaa aliye kaburini, namtaka huyu mwoga mwenzangu akiwa hai. Itakuja siku utanyamaza, unyamaze, Mungu anajua moyo. Lakini siku hiyo akiwapo mtu aliyekushika nguo, mkubwa au mdogo, wa kwetu au wa wapi, usisogee hatua mbili. Ndilo tu ninalolijua kwa hakika katika umri wangu wote. Yale mengine nimeyasikia kwa watu.

Na jingine, dogo. Ukifika, mtafute mtu wa dirishani. Kila mtaa unaye: muuza mkate, mama wa mboga, mzee wa kiberiti. Mnunulie kitu kila siku hata kama huna haja, umwambie jina lako, umuulize la kwake na la watoto wake. Gogo hakukuokoa kwa sababu alikuwa malaika. Alikuokoa kwa sababu alikuwa anakujua, kwa peremende moja moja. Mimi nilidhani mtu wa kupita hahitaji kujuana na watu. Watu wako wa visiwani nao labda walidhani hivyo, lakini wewe mwenyewe uliniambia kwamba mwishowe walioa huko na kuzikwa huko, na nyungu zao na za wenyeji zinachimbuliwa pamoja.

Uliniambia pia kwamba Karthago haikumsahau mama yake. Kila mwaka walituma watu Tiro, hekaluni, na sehemu ya kumi. Sisi kwako hatutaki kitu, na usimsikilize mama yako akianza habari ya mafuta ya zeituni. Ninachoomba ni sauti. Jumapili, baada ya ibada, dakika mbili. Kwa Kiswahili, hata kikiwa kibovu, hata kikiwa cha mtoto wa miaka mitano, maana hapo ndipo nilipokikatia. Ukishindwa, sema neno moja tu. Ukiona huwezi hata hilo, kwa sababu ya haya niliyokuandikia, nitaelewa. Nitakaa na simu mezani kila Jumapili vilevile.

Mwezi uliopita ulipokuwa unajaza fomu ulinipigia kelele kupitia ubao, "Jina la baba!" kana kwamba hulijui, ukacheka. Kisha ukauliza la babu, na la baba yake babu, fomu haikuyataka hayo, ukayaandika kwenye daftari lako. Ulisema utayachonga mahali. Sikuweza kukutazama siku hiyo. Mtu anayeandikwa "wa fulani" lazima huyo fulani awe amekubali.

Kwa hiyo kesho. Tutakwenda uwanja wa ndege na gari la Papa Elie, mama yako ataimba njia nzima. Pale kwenye kamba ambapo wasiosafiri wanaachwa, utatukumbatia, utaingia kwenye foleni, foleni itapinda, na utabaki mgongo tu na koti langu. Watu watakuwa wengi, wa kila lugha, na askari watakuwapo. Hapo nitakuita. Si kwa kunong'ona. Nitakuita kwa Kiswahili na kwa jina lote, kama lilivyo kwenye mawe yako: Nsimire binti wa Bisimwa, mwana wa Mushagalusa, mwana wa Cirimwami. Mama yako ataona aibu. Watu watageuka. Wewe ukitaka geuka, usipotaka endelea mbele, ndege haingoji. Ukiwa umenisamehe au bado, mimi nitaita tu, deni hilo si lako.

Na akitokea mtu akaniuliza, mzee, huyo unayemwita ni wa nani, safari hii sihitaji bibi wa watu kutoka na mwiko kunijibia. Jibu ninalo. Nimelifanyia mazoezi leo hapa, peke yangu, mbele ya cherehani, mpaka mama yako ameuliza kupitia ubao ninaongea na nani.

Ngowami.

Ni wangu huyo.

Baba yako,
Bisimwa